Mtindi Uliotiwa Chumvi

Katika kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya soko, mtu wa tanuri aliitwa Ngamia, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Lilianza kama utani wa wakandaji. Wao walitoka kila mara kwenda kwenye bomba la uani; wakishakunywa walipitia chooni, na wakitoka chooni walisimama kivulini kidogo kupunga upepo. Yeye hakutoka. Alisimama mbele ya moto na ubao wake wenye mpini mrefu, akiingiza mikate mibichi na kutoa iliyoiva, jasho likimtiririka mpaka fulana inagandana na mgongo. Mchana ukifika, fulana hiyo ilikuwa imekauka mwilini na kuacha michirizi myeupe ya chumvi.

"Ngamia, nundu umeificha wapi?" mkandaji mkuu alimuuliza.

"Nimeiacha nyumbani. Hapa ingeungua."

Walicheka, naye alicheka zaidi yao. Utani huo aliuvaa kama nishani.

Uvumilivu wake ulikuwa na asili. Alipokuwa mwanafunzi wa kazi, fundi wake alimwachia tanuri kwa muda mfupi, naye akabanwa na haja akaenda. Aliporudi, mikate ilikuwa makaa. Fundi alimzaba kofi mbele ya wateja. Tangu hapo aliufundisha mwili wake kutokuomba kitu wakati wa kazi. Asubuhi alikunywa kikombe cha chai, na baada ya hapo hakikupita kitu kooni mpaka tanuri lipoe. Miaka ilipita hivyo, akaoa, akapata watoto, nywele zikaanza kuwa na mvi, na watu wakamheshimu.

Walikuwa na haki ya kumheshimu. Kwa upande wa kazi hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Mkate uliopungua uzito aliutoa kando mwenyewe kabla tajiri hajauona. Siku moja tajiri alitaka unga ulioingia wadudu uchekechwe na kutumika, naye akaweka ubao wake chini na kusema, "Basi oka wewe." Unga ukatupwa. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumwamini katika kila jambo. Lakini uaminifu wa kazini si lazima umfuate mtu hadi mahali anapozungumza habari zake mwenyewe, na kwa Ngamia haukumfuata.

Jiwe la kwanza lilimpata asubuhi moja akiwa nyumbani, kabla hajavaa viatu. Aliinama kufunga kamba, akashindwa kuinuka. Maumivu yalitoka ubavuni upande wa kushoto yakashuka hadi kwenye kinena, akaanza kujiviringisha sakafuni kama mtoto. Mkewe alidhani ameumwa na nyoka. Walimpeleka hospitali, akachomwa sindano ya maumivu, akapigwa picha ya ultrasaundi, na kabla jua halijatua jiwe likatoka lenyewe, dogo kuliko punje ya mchele.

"Hilo?" alisema akiliangalia. "Hilo ndilo lililoniliza?"

Daktari, mama wa makamo aliyeongea taratibu, aliwaketisha yeye na mkewe. "Sikiliza, baba. La kwanza ni maji. Kunywa mpaka mkojo wako ukaribie kuwa na rangi ya maji ya bomba. Wewe unakaa kwenye moto, kwa hiyo unahitaji mengi kuliko mimi. La pili, punguza chumvi. Chumvi ikizidi, figo zinamwaga madini mengi kwenye mkojo, na madini hayo ndiyo yanayogandana yakawa jiwe. La tatu, usiache maziwa. Watu wanayaogopa bure. Yakiliwa pamoja na chakula yanasaidia."

Mkewe aliinua uso. "Na mtindi, daktari? Mimi nagandisha mwenyewe nyumbani."

"Mtindi ni mzuri. Una bakteria hai, na wapo watafiti wanaofikiri kwamba baadhi ya bakteria wa vyakula vilivyochachushwa hula tumboni vitu vinavyotengeneza mawe, kabla havijafika kwenye figo. Lakini bado hawajakubaliana. Sitakudanganya kwamba mtindi peke yake ni kinga. Anywe, ni chakula kizuri. Ila usichukue nafasi ya maji."

Walipofika kwenye geti Ngamia alisema, "Umesikia? Mtindi ni dawa."

"Amesema maji kwanza, baba watoto."

"Amesema na mtindi."

Mtu akiambiwa mambo matatu, mawili yakimtaka abadili maisha na moja likimtaka afungue mdomo tu, mara nyingi huondoka na lile la kufungua mdomo.

Mkewe alifanya sehemu yake. Walikaa vyumba viwili katika nyumba ya safu, jiko likiwa ukumbini, na katika kona ya jiko hilo, juu ya kabati, palikuwa na chungu kilichofungwa blanketi kuukuu la mtoto. Humo ndimo mtindi ulimogandia. Alichemsha maziwa, akayaacha mpaka kidole kinaweza kukaa ndani bila kuungua, kisha akakoroga mbegu, yaani kijiko cha mtindi wa jana. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa, na hakuwahi kuiacha ikatike. Alipougua, jirani alimgandishia. Alipojifungua, mama yake mzazi alikuja akagandisha. Majirani kadhaa walikuwa wamechukua mbegu kwake, nao huleta mabakuli watoto wao wakiharisha. Hakuuza. Aliona aibu kuuza kitu alichopewa bure.

Sasa alimjazia mumewe chupa kila asubuhi. "Hii unywe na chakula chako cha mchana," alimwambia. "Na maji unywe tangu ufike."

"Nitakunywa."

"Sema tena nikuangalie usoni."

"Mama watoto, nimesema nitakunywa. Unataka niape?"

Hakunywa. Alikwenda kazini akasimama pale pale, akiwa na chupa yake ya mtindi, na moyo wake ukiwa umetulia kwamba sasa ana kinga. Chupa aliiweka kwenye rafu ya juu ya tanuri, wanakoweka madonge ya unga ili yaumuke. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine ila mwokaji.

Kwenye joto la rafu ile mtindi haukutulia. Uliendelea kuchacha, na ilipofika mchana ulikuwa mkali kiasi cha kukunja uso. Mtu mwingine angeihamisha chupa. Ngamia alikuwa ameishi na hamira tangu ujana, na alijua kwamba unga ukiumuka kwa kasi mno, chumvi ndiyo huushika mkono. Kwa hiyo aliutendea mtindi kama anavyoutenda unga. Alichukua chumvi ya mikate kwa vidole, akatia chupani, akatikisa, akaonja. Ukali ulipungua. Kesho yake alitia asubuhi mapema, ili kuuwahi. Kadiri ulimi wake ulivyozoea ndivyo alivyoongeza, mpaka ikawa haichukui kwa vidole bali kwa kiganja. Na mwili uliokaushwa na moto hupenda chumvi. Ulipokea kwa shukrani.

"Ngamia," mkandaji mkuu alimwambia siku moja baada ya kuonja na kutema, "haya ni maziwa au maji ya bahari?"

"Ni dawa ya figo. Wewe hujui."

"Dawa gani hii? Hata samaki angeomba maji!"

"Kanda unga wako."

Wakacheka kama kawaida. Hakuna kati yao aliyejua kwamba daktari alisema apunguze chumvi, kwa sababu hakumwambia mtu. Na nyumbani hakuna aliyejua habari ya chumvi, kwa sababu chupa aliisuuza kabla ya kurudi. Alipoulizwa na mkewe kwa nini anaisuuza, alisema inanuka. Uongo mdogo kama huo haumsumbui mtu usingizi, na ndiyo maana unadumu.

Mwili wake ulimwonya. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai kavu. Mara nyingine ulitoka ukiwa na mchanga, akausikia unavyokwaruza. Alijikaza. Alipoona mkewe anamtazama akishika kiuno, alinyoosha mgongo akasema ni uzito wa magunia.

Ilipofika zamu yake ya kurudi kliniki alikwenda peke yake. Mkewe alikuwa na mtoto mwenye homa. Daktari alimuuliza kama anakunywa maji. Akasema sana. Akamuuliza chumvi. Akasema nyumbani hawali chumvi nyingi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Daktari alimtazama midomo, iliyokuwa imepasuka, kisha akampa dumu jeupe lenye mfuniko.

"Nataka mkojo wako wa siku nzima. Kila tone, kuanzia asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Chagua siku ya kazi, na usibadilishe chochote. Kama hunywi maji, siku hiyo usinywe. Nataka kukuona ulivyo."

Alibeba dumu ndani ya mfuko mweusi. Njiani aliwaza namna atakavyoingia nalo kiwandani. Ataliweka wapi? Wakandaji watasema nini? Ngamia, aliyekuwa hatoki mbele ya tanuri, sasa anapita katikati ya magunia ya unga amekumbatia dumu la mkojo. Aliona kabisa nyuso zao. Mkewe alipomuuliza dumu ni la nini, alisema ni la kipimo na siku yoyote inafaa.

Akachagua siku yake ya mapumziko. Alikaa nyumbani, kivulini, bila fulana, na kwa kuwa mkewe alikuwa akimwangalia, alikunywa maji bilauri baada ya bilauri. Alikula chakula cha mkewe, ambacho hakikuwa na chumvi nyingi. Alikunywa mtindi wa mkewe kama ulivyotoka chunguni. Mkewe alifurahi. "Ungekuwa unakunywa hivi kila siku!" alisema.

"Si unaniona?"

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma, akayarudia, akatabasamu. "Hongera, baba. Maji yanatosha, chumvi iko chini. Endelea hivyo hivyo."

Angeweza kusema hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyekuwa akisikiliza, na kumwambia daktari siku halisi kusingemgharimu zaidi ya kuona haya kidogo. Badala yake alisema ahsante. Mtu huyu aliyekataa kuuza mkate uliopungua uzito alipeleka mizani ya siku ya kupumzika kupimia siku ya moto, akapokea sifa, akaondoka nayo.

Jiwe la pili halikuja kama la kwanza. Kwa muda ubavu ulikuwa ukimvuta kwa ndani, halafu homa ikaanza, naye akaenda nayo kazini. Alikuwa ameingiza ubao ndani ya tanuri alipotetemeka na kuangukia magoti. Mpini ulimtoka mikononi. Ubao ulibaki ndani ukaungua, moshi ukajaa kiwandani, na mkandaji mkuu ndiye aliyemvuta kwapa kumtoa uani, akipiga kelele, "Maji! Mleteeni maji!"

Hospitalini walisema jiwe limekwama kwenye mrija, mkojo umerudi nyuma, figo ya kushoto imevimba na imeingia usaha. Walimpitishia mpira mwembamba mgongoni ili mkojo na usaha vitoke. Daktari alipomaliza aliongea na mkewe kwenye korido. "Figo imeharibika kuliko nilivyotegemea. Haikuanza kuumia leo. Kama jiwe jingine litakuja, tutaipoteza. Lazima nijue linatoka wapi."

Mchana uliofuata, saa ya kutazama wagonjwa, walikuwa wote kando ya kitanda: mama yake, dada yake, na mkewe aliyesimama miguuni kwa sababu viti vilikwisha. Daktari alikuja na majibu ya zamani mkononi.

"Hapa sielewi," alisema. "Maji anakunywa. Chumvi hana. Kuna kitu gani anakula au kunywa kila siku bila kukosa?"

"Mtindi," mkewe alijibu. "Namfungia chupa kila asubuhi."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Daktari alifikiri. "Sidhani kama ni mtindi. Lakini kwa kuwa sioni kingine, tuusimamishe kwanza tuone." Kisha akaenda kitanda kingine.

Neno hilo, kwanza, halikusikika. Dada mtu alimgeukia mkewe. "Wifi, si nilikwambia? Maziwa yanalala chunguni siku na siku, mnayafunga blanketi kama mtoto mchanga! Umemnywesha kaka yetu mpaka yamekuwa saruji tumboni."

"Daktari mwenyewe alisema ni mazuri."

"Na huyo huyo amesema uache. Au hukusikia?"

Mama mtu alikuwa akimpepea mwanawe kwa kipande cha karatasi ngumu. Hakuinua sauti. "Mimi nilimlea huyu kwa maziwa ya moto, yaliyochemka. Hakuwahi kuumwa hata jino. Sasa mwanangu anakojoa kwa mpira wa mgongoni." Akageuza uso. "Wewe mkwe wangu, mimi sikusemi. Ila Mungu anaona."

Mkewe alimtazama mumewe. Ingetosha mumewe aseme neno moja tu. Ngamia alikuwa macho, hakuwa na usingizi wala homa kali. Alikuwa akitazama ukuta, pale rangi ilipobanduka, kama mtu anayesoma. Alijitia hamnazo. Akajiambia kwamba amechoka, kwamba wanawake watapatana wenyewe, kwamba akipona atayaweka sawa. Mwanamume anayemwacha mkewe asutwe kwa kosa lake yeye huwa na sababu nyingi za namna hiyo, na zote humfaa yeye.

Mkewe aliokota kanga yake akaondoka kabla saa haijaisha.

Kesho yake alirudi na uji kwenye chombo chenye mfuniko. Alimnywesha kijiko kwa kijiko. Alipomaliza alifuta kijiko, akakizungusha mkononi.

"Nimemwaga," alisema.

"Umemwaga nini?"

"Mtindi. Na mbegu. Chungu nimekisugua kwa mchanga nimekianika."

"Mbegu ya mama yako?"

"Nimewaambia na majirani waliochukua kwangu wamwage. Mmoja alikuwa anampa mtoto mchanga. Nilimwambia, dada yangu, usije ukamuua mwanao kwa mkono wangu. Watoto wetu nimewanywesha tangu waache ziwa, baba watoto. Jana usiku nilikuwa nawapapasa mbavu mmoja mmoja, nawauliza hapa panauma? Hapa je?"

Ngamia alijaribu kukaa, mpira ukamvuta, akarudi chini. Kwa mara ya kwanza alikosa ukuta wa kutazama.

"Nilikuwa natia chumvi," alisema.

"Kwenye nini?"

"Kwenye ule mtindi. Kazini. Ulikuwa unachacha kwenye joto, nikawa natia chumvi ya mikate."

"Kidogo?"

Alifungua kiganja chake, kikubwa, chenye makovu ya moto, akakikunja kuonyesha ujazo. Mkewe alikitazama kiganja kile.

"Na maji?"

"Sikuwa nakunywa."

"Na lile dumu?"

"Nilijaza siku ya mapumziko. Niliona haya kwenda nalo."

Hakupiga kelele. Alifunika chombo cha uji, akakaza mfuniko. "Ukawasikia jana wanavyonisema."

"Niliwasikia."

"Ukatazama ukuta."

"Nisamehe, mama watoto. Nikitoka tutayamaliza nyumbani. Mama ni mtu mzima, ana presha, sitaki..."

"Hapana," alimkata kauli. "Nyumbani hakuna kesi. Nilisemwa hapa, mbele ya wagonjwa wote hawa, na utasema hapa. Na daktari awepo, maana anamtibu mtu asiyekuwepo."

Akaketi. Hakuondoka kwenda kununua chochote wala kumtafuta mtu, aliketi tu na mikono mapajani mpaka mama mkwe na wifi yake walipofika, na mpaka daktari alipoingia wodini. Hapo akainuka, akasema, "Daktari, mgonjwa ana maneno."

Ngamia aliyasema. Hayakutoka vizuri. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akajaribu kupitia kwenye habari ya kofi alilopigwa ujanani, mkewe akamwambia, "Chumvi. Sema ya chumvi." Akasema ya chumvi, kisha ya maji, kisha ya dumu. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

Daktari alivua miwani. "Baba, unajua nilichokuwa nakipanga? Nilikuwa nataka kuwapima watoto wako, nikidhani ni ugonjwa wa kurithi. Ningewatoboa bure." Akavaa miwani tena. "Mtindi ule mama aliokufungia ulikuwa hauna kosa. Ulichokuwa unakunywa wewe ni maji ya chumvi, na kila siku ulikuwa unayanywa juu ya kiu. Jiwe linataka nini zaidi ya hapo?"

"Kwa hiyo maziwa hayana shida?" dada mtu aliuliza.

"Hayana."

"Ila blanketi lile, hata hivyo, mimi silipendi," dada mtu alisema, akijishughulisha na pochi yake. Mama mtu alikuwa amekiacha kile kipande cha karatasi kikae mapajani. Alimtazama mwanawe kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja kitu cha watu. "Mkubwa mzima," alisema, "unashindwa kwenda na dumu kazini." Kisha akasogea kwenye benchi, pakapatikana nafasi ya mkwewe, lakini mkwewe hakuikalia.

Daktari alimpa dumu jingine, na safari hii alikwenda nalo kiwandani. Tanuri alikuwa amepewa mtu mwingine. Yeye aliruhusiwa kukata na kufunga, lakini kwa siku hiyo aliomba asimame pale pale kwa mazoea yake yote, ili ipatikane siku ya kweli. Wakandaji walimwona akipita na dumu. Mmoja alianza kusema neno, mkandaji mkuu akamkanyaga mguu. Hakuna aliyemwita Ngamia siku hiyo, na kimya chao kilimuuma kuliko kicheko alichokuwa anakiogopa. Mkojo uliopatikana haukufika hata robo ya dumu, na daktari alipouona hakuhitaji maabara kumweleza, ingawa aliupeleka.

Matibabu yalibadilika kuanzia hapo, na mawe hayakurudi. Figo ya kushoto haikurudi pia. Picha iliyofuata ilionyesha imenywea; inafanya kazi kidogo, kwa shida, na daktari alisema wasitegemee zaidi. Kama angeujua ukweli mapema, alisema, sehemu kubwa ya figo ingepona. Alilisema mara moja tu bila ukali, na hakukuwa na haja ya kulirudia.

Jioni ya siku ya majibu ya picha walikuwa jikoni. Watoto walikuwa nje uani. Ngamia alijimiminia maji, akanywa, akajimiminia tena, kama alivyoagizwa. Mkewe alikuwa anachambua mboga, mgongo ukiwa kwake.

"Nikuulize kitu," alisema bila kugeuka. "Ningekuwa sijamwaga mbegu. Nimesutwa tu, nimenyamaza, nimerudi na uji kama kawaida. Ungesema?"

Alikuwa na jibu tayari. Lilimjia mdomoni kwa wepesi uleule wa majibu yake yote, na lilikuwa jibu zuri, la mume mwema. Aliliona linavyokuja. Akalishika.

"Sijui," alisema.

Mkewe aliacha mboga. Alikung'uta maji mikononi, kisha akaendelea kuchambua.

"Haya," alisema. "Leo angalau hukunidanganya."